Bunduki Imekula

Jumatano, tarehe 9 Julai

Usipa, dagaa wetu wa ziwani, nimeanua mapema. Mwera unavuma tangu alfajiri, mchanga unaingia kila mahali mpaka kwenye meno. Nimewamwaga kwenye ungo, nikafunika kwa ungo mwingine. Kunguru wanaangalia tu. Wakae hivyo hivyo.

Simu hii Agripina, binti yangu, ndiye aliyenifundisha. Bonyeza pale penye doa jekundu, mama, ongea, ukichoka bonyeza tena. Herufi sijui hata moja lakini doa naliona. Inasikiliza, haijibu. Marehemu mume wangu Zenobi naye alikuwa hivyo hivyo, ila yeye alikuwa anasema "mh". Simu haisemi hata "mh". Nimeshazoea.

Leo kichwa hakitulii. Jumamosi ya wiki ijayo ni misa ya mwaka ya Zenobi. Mwaka mzima jamani. Otmari, kaka yake marehemu, jirani yangu hapa ukuta kwa ukuta, kasema misa ya mwindaji hailiwi maharage. Lazima pongo. Kibali cha kuwinda pongo mmoja kimeshatoka, jina ni la mkwe wangu, mume wa Agripina. Anakuja Jumapili kutoka Mbinga na bunduki yake mpya.

Huyo mkwe jina lake silitaji. Kwetu ni hivyo. Mama mkwe na mkwewe hawatazamani, hawaongei, hawali pamoja, na jina halipandi mdomoni. Yeye Msukuma, Mbinga kaletwa na kazi ya maji, haya mambo hakuyajua. Siku ya kwanza alikuja kunipa mkono. Nilikimbia nikajitupa kwenye banda la mbuzi, na kitenge kipya! Wakamweleza. Akaelewa, akazidisha. Sasa akinisikia nakohoa anageukia ukuta kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa. Shikamoo yake naletewa na Agripina kama sahani ya mboga.

Nikiwa na neno la haraka namwambia kuku. Kuku wee, maji ya kuoga yako tayari. Yeye anasikia, anakwenda kuoga. Hivyo tu. Lakini mimi mtu wa maneno. Miaka tisa sijamwambia mtu yule neno hata moja, na wajukuu kanizalia wawili. Inanikera. Nasema ukweli, inanikera.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Otmari kalishusha gobore leo. Nilikuwa kwake, nimepeleka muhogo.

Gobore lile kibali ni cha Otmari lakini siku hizi halitumii tena, macho yana ukungu. Anaona mtu, haoni uso. Aliyelijua vizuri ni Zenobi, walikuwa wanakwenda wawili porini. Limening'inia ukutani tangu Zenobi alipolala kitandani akawa haamki. Mwaka mzima na zaidi hakuna aliyeligusa. Buibui kajenga mdomoni.

Otmari kaupata mdeki, ule mti mrefu wa kushindilia, akautumbukiza kwenye mtutu. Mtutu ukiwa mtupu, mdeki unazama wote, unabaki sawa na mdomo. Leo haukuzama. Umebaki juu, vidole vinne. Otmari kapapasa kwa mkono, mara mbili. Halafu kasema polepole, "Shemeji, imekula."

Hilo neno la Zenobi. Bunduki yenye baruti ndani alikuwa anasema imekula. Tupu alisema ina njaa. Nyumba zetu hizi mbili wote tunasema hivyo, hata watoto. Na kumbe imekula kwa mkono wake mwenyewe. Alishindilia siku zile za nguruwe kwenye muhogo, akarudi hajapiga, akaitundika, akaanza kusema kichwa kinamuuma.

Nimekaa chini pale pale. Sahani ya muhogo mkononi.

Otmari anataka kuitoa. Nimemwambia hapana. Iache kwanza. Shati lake nimegawa, viatu nimegawa, jembe lake linalima shamba la watu. Hii imebaki kama alivyoiacha yeye. Otmari anasema shemeji, baruti si picha ya kutundika. Nimelia, akaacha. Itatolewa siku ya kwenda kuwinda, kabla ya kushindilia mpya.

Lakini naogopa. Kaka yangu Alto, tumbo moja, alishindilia bunduki iliyokwisha kula. Hakujua. Ikapasuka kama chungu. Kiganja cha kushoto kilikwenda na jicho moja likaenda. Alinisalimia kwa kigutu mpaka alipokufa. Bunduki haikubali kulishwa mara mbili. Mtu anakubali, mimi kwenye harusi nakula mara tatu. Bunduki hapana.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Wamekuja. Bodaboda mbili kutoka njia panda, Agripina na watoto ya mbele, mkwe na mizigo ya nyuma. Vumbi mpaka kwenye kope. Nimewakimbilia watoto, mkwe akageukia mwembe wa jirani, akasimama kuutazama kama anauuza.

Bunduki yake niliichungulia kwenye uzio wa matete. Ni gobore pia, eti, inashindiliwa kwa mdomoni kama la Otmari. Lakini halifanani na gobore! Jeusi. Kitako cha plastiki kama beseni. Juu limefungwa darubini. Fataki yake, kile kidude cha kuwashia baruti, haiwekwi nje pale juu, inafichwa ndani kwa nyuma, mvua hailowanishi. Na baruti yake si ya unga. Ni vidonge.

Vidonge! Agripina kanionyesha. Vinene, vina rangi ya mkaa, vina tundu katikati. Unadondosha viwili, unafuatisha risasi, basi, umemaliza. Mbili kutwa mara moja. Mimi ninavyo vya presha, hii bunduki nayo ina vyake. Nimemwambia Agripina aviweke mbali na vyangu, asubuhi nisije nikameza vya mumewe nikalipukia kanisani.

Kacheka mpaka kashika mlango. Na nyuma ya nyumba nimemsikia mtu mwingine anacheka, kajibana. Alikuwa anasikiliza.

Nimefurahi. Sijui kwa nini nimefurahi hivyo.

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Leo majaribio. Wametundika papai kwenye kisiki kule bondeni, kichuguu nyuma yake ili risasi isiende kwa watu. Mimi nilikuwa napalilia. Sawa, sikuwa napalilia. Nilikuwa na jembe mkononi.

Ya kwanza, juu. Ya pili, juu. Ya tatu imekata jani la mgomba wa mama mmoja huku upande, mama katoka kafoka. Mkwe anaangalia darubini, anaangalia papai, anaangalia darubini. Otmari kakaa kwenye jiwe, haoni kitu, kasema, "Baba, hiyo miwani imepigwapigwa kwenye bodaboda. Inaangalia Malawi." Watoto wakaanguka chini kwa kucheka.

Kaizungusha kwa bisibisi. Kapiga tena. Tena. Akapata shavu la papai, halafu katikati. Kweli anapiga vizuri akitulia. Hapumui, bega halitikisiki. Zenobi angempenda, angesema "mh".

Ila sasa fataki zimekwisha! Alinunua kikopo kimoja kidogo, zote kazimalizia kwenye papai. Na hizo za ndani huku hazipatikani, Mbinga hakuna, Songea hakuna. Darubini ipo, vidonge vipo, bunduki haina pa kuwashia. Papai tumelila jioni. Tamu, lakini ghali.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Maneno kutwa. Mkwe anataka kutuma watu watafute fataki. Otmari anasema la nini, gobore la nyumbani lipo, fataki zake anazo, unga wa baruti upo kwenye pembe, na pongo wa misa ya Zenobi auawe na bunduki ya Zenobi. Agripina anasema baba mkubwa, lile la zamani linapiga moshi mtu haoni alichopiga. Otmari anasema mimi sioni hata bila moshi.

Wamekubaliana la zamani.

Nina hofu. Sitaki. Nimesema kwa Agripina nikasema kwa Otmari, nikamwambia na kuku. Kuku ndiye aliyenisikiliza.

Jumatano, tarehe 16 Julai

Mwera mkali. Mawimbi yanapiga mpaka huku yanasikika. Ugali nimeunguza. Nimetwanga muhogo ambao sikuwa na haja nao. Nimefagia uwanja mara mbili, upepo umeurudisha uchafu wote.

Kesho wanakwenda porini.

Alhamisi, tarehe 17 Julai

Nimelitaja jina lake.

Doa nimelikosa mara ya kwanza. Ngoja niseme kwa mpangilio.

Asubuhi wametoa gobore kwa Otmari wakalileta hapa uwanjani kwangu, wapige risasi ya Zenobi kwanza pale kwenye kichuguu, halafu washindilie mpya, waende. Otmari alikuwa na kazi ya kumwonyesha mkwe. Mimi jikoni, nyuma ya matete, nawaona wote. Otmari akatumbukiza mdeki, akapima kwa vidole. Akamwambia mkwe, "Imekula hiyo." Akamwachia bunduki, akaenda chooni. Mzee akienda chooni anakaa.

Mkwe akasema, "Aa, basi poa." Akachukua pembe ya baruti.

Nikadhani anaipima tu. Anamimina! Anamimina kwenye mtutu, taratibu, anahesabu kwa midomo kama anavyohesabu vidonge vyake. Anaweka katani juu. Anadondosha risasi. Anashika mdeki, anashindilia, kwa nguvu za Kisukuma zile, tu, tu, tu.

Juu ya baruti ya Zenobi.

Mimi mdomo umefunga. Kweli umefunga wenyewe, miaka tisa imeuzoesha. Nikamtafuta kuku. Tetea mmoja mwekundu alikuwa pale kwenye jivu. Nikapiga kelele, kuku wee, aliyekula akilishwa tena anapasuka tumbo! Kuku wee, imekula, imekula! Mkwe akageukia ukuta kwa adabu, akacheka. Akasema na ukuta, "Mama leo kuku wamekula mpunga wake." Akaweka fataki. Kuku akakimbia.

Akainua bunduki begani. Akalenga kichuguu, eti aijaribu kwanza. Yule mjukuu mdogo kasimama karibu naye, kaziba masikio, anacheka.

Nilimwona Alto. Sikumfikiria, nilimwona, na kigutu chake.

Nikatoka. Sijui niliupitaje uzio, matete yamenichana mkono. Nikaita, "Masanja!" Ukelele kama wa msiba. "Masanja, mwanangu, weka chini! Ina mbili!"

Akaduwaa. Akanitazama usoni, nami nikamtazama, mara ya kwanza. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Sikulijua. Nikamshika mkono, ule wa kufyatulia, nikaukunjua kidole kimoja kimoja.

Otmari akaja anafunga mkanda. Akaitoa fataki kwanza. Akatumbukiza mdeki. Safari hii umebaki juu shubiri nzima, ungeweza kutundika kofia. Mzee kakaa chini vumbini.

Na kumbe ni nini? Masanja kaeleza. Mjini kwao jambo likiharibika wanasema imekula kwako. Alipoambiwa imekula akajua basi, baruti ya zamani imeharibika, haipigiki tena, anaachiwa yeye ashindilie mpya. Alidhani Otmari ameshaitoa. Yaani neno la mume wangu, neno tulilokuwa tunalisema tukicheka mezani, nusura limuue baba wa wajukuu zangu kwenye uwanja wangu. Nimelichukia neno hilo. Halafu nimemhurumia Zenobi, hajui chochote.

Agripina kanishika kiuno, kalia. Mimi sikulia. Niliongea. Niliongea mpaka saa sita mchana, nikimwambia Masanja yote, ya Alto, ya nguruwe, ya banda la mbuzi siku ile ya kwanza, ya presha. Yeye ameinama, anasema ndiyo mama, ndiyo mama. Hakuna aliyenizuia.

Mchana Otmari kaivuta ile ya juu kwa mdeki wenye ncha ya msokoto, katani ikatoka, risasi ikatoka, baruti ya Masanja wakaimwaga kwenye majivu. Ya chini ikabaki. Ya Zenobi. Mwaka mzima, nani ajue imekuwaje. Wakalifunga gobore kwenye kisiki, mdomo kwenye kichuguu, wakaweka fataki, wakafunga kamba ndefu pale pa kufyatulia, tukajificha wote nyuma ya mwamba. Otmari akanipa kamba. Akasema tu, "Shemeji, hii yako."

Mimi bunduki sijawahi kuigusa maisha yangu. Nikavuta. Ikalia "chak", kimya. Nikajua imelala. Halafu ikapiga.

Mlima wote ukaitika. Nyani wakabweka. Moshi mweupe, mwera ukauchukua ukaupeleka ziwani, kwisha.

Otmari akaenda na mdeki, akautumbukiza. Ukazama wote.

Ijumaa, tarehe 18 Julai

Wameondoka kabla ya jua, Masanja na Otmari, na askari wa wanyamapori wa kuwasindikiza. Kabla ya kutoka Masanja kasimama katikati ya uwanja, kasema kwa sauti, mama, nashindilia mara moja tu, angalia. Kaniitia kuja kuangalia! Kapima mdeki mbele yangu, akashindilia, akapima tena. Vidole vinne.

Sijafanya kitu kutwa. Usipa sijaanika. Nimesikia mlio mmoja kwa mbali, upande wa juu. Nikasimama. Nikangoja wa pili. Haukuja. Kama umepiga mmoja ukanyamaza, ni nini? Amempata? Amepasukiwa? Nimetembea kutoka mlangoni mpaka kwenye uzio, mpaka njia ikaonekana. Agripina kasema mama kaa. Nimekaa. Nimesimama.

Jioni wametokea njiani watatu. Masanja mbele. Nimemtazama mikono, yote miwili ipo. Macho yote mawili. Uso mweusi kwa moshi.

Pongo hakuna. Kamkosa. Dume kubwa, anasema, pembe hivi, lilikuwa kwenye ukingo wa mto linakunywa, moshi ulipotoka likawa limeshavuka. Otmari kanuna, kama mtoto aliyenyimwa nyama. Masanja kainamisha kichwa, aibu imemjaa.

Mimi nilifurahi. Nilifurahi sana, nisidanganye. Nimewaambia mezani, Zenobi mwenyewe alikosa mara nyingi kuliko alivyopata, ni vile tu alikuwa hasemi.

Jumamosi, tarehe 19 Julai

Misa imekwisha, watu wamekula. Maharage, usipa, wali. Hakuna aliyelalamika isipokuwa Otmari.

Kulikuwa na jambo la kumaliza. Nimelitaja jina la mkwe, nimemshika mkono. Hayo hayaachwi hivi hivi. Wazee wa ukoo wameketi, wamecheka kidogo, wakasema mama ametoka mwenyewe kwenye uzio basi uzio haupo tena, na achinjwe kuku, mama na mkwe wale sahani moja. Otmari kaniuliza kuku gani. Nikamwonyesha tetea mwekundu. Ndiye aliyepewa ujumbe akakimbia.

Tumekula mimi na Masanja, jamvini, watu wanatutazama. Kanipa paja. Nikamrudishia. Kanipa tena.

Jumapili, tarehe 20 Julai

Mwera umetulia. Ziwa kama sahani. Watoto wanacheza mchangani, Agripina anafungasha, kesho wanarudi Mbinga.

Masanja kaja kukaa karibu nami wakati naanika usipa. Miaka tisa nilikuwa nampangia maneno. Ningemwambia hiki, ningemwambia kile, asivyofunga vifungo vya shati, anavyomchelewesha binti yangu kanisani. Leo kakaa, nimemtafutia neno, sijaliona. Yeye pia hana. Tumegeuza samaki, mimi upande huu, yeye upande ule. Kunguru wanaangalia.

Otmari kapita na gobore begani, anakwenda kulitundika. Masanja kauliza, taratibu, "Mama, bunduki?"

"Ina njaa."

"Na wewe?"

"Mimi nimekula, mwanangu."

Akasema, "Mh."